Gati la Joleen na Samaki Waliolewa Chini ya Barafu

Haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu mawili yaliyobaki, na kwa mbwa wangu Bosko, ambaye alikuwepo na hajawahi kunipinga. Watu wa Ziwa Kiwiko wananiita Mzee Fiksi, lakini huo ni wivu tu.

Binti yangu Joleen na mumewe Curt wanaishi ziwani, jirani na mimi. Kiangazi wanaogelea, wanavua, wanakula wanachovua. Mwaka jana Curt alinunua samaki wa dhahabu, wale wa mapambo. Aliwaweka kwenye pipa barazani. Walikuwa wadogo kama kidole. Wakala, wakanenepa, wakawa wakubwa kama kiganja. Majani ya miti yalipoanza kuanguka, pipa lilikuwa limewabana, na ndani ya nyumba hapakuwa na nafasi.

Curt hakuona shida yoyote. Huku kwetu Minnesota ziwa huganda mpaka unaendesha gari juu yake. Baridi yetu tunajivunia kama wengine wanavyojivunia mtoto aliyesoma. Tunaamini inaua kila kitu: mbu, mafua, hata wageni wasiotaka kuondoka.

"Nitawamwaga ziwani," alisema Curt. "Wafurahie uhuru kidogo. Barafu itamaliza kazi."

Joleen hakuridhika. Alikwenda kwa Bernadine, jirani yetu. Kazi ya Bernadine ni kuzunguka maziwa ya wilaya na boti na wavu, kuangalia hali ya maji na samaki. Nami nilimfuata binti yangu, kwa sababu kwa Bernadine huwa kuna keki.

Bernadine alieleza mpaka kahawa yake ikapoa. Alisema samaki wa dhahabu hutifua tope la chini akitafuta chakula. Hung'oa mimea ya majini. Maji safi yanageuka kama uji. Hula mayai ya samaki wetu, na anaweza kuwaambukiza magonjwa. Wakishazaana ziwani, kuwatoa wote ni kazi isiyokwisha. Ndiyo maana sheria inakataza kuwamwaga.

"Lakini barafu si itawaua?" aliuliza Joleen.

"Barafu kwao ni blanketi, dada. Hewa ikiisha majini, mwili wao unatengeneza pombe, wanaendelea kuishi hivyo hivyo mpaka barafu iyeyuke."

Habari hiyo niliipenda kuliko keki.

Ikafika Jumamosi ya magati. Kabla ziwa halijaganda, kila gati la mbao lazima litolewe majini. Likibaki, barafu inalivunja kama njiti. Gati ni zito, mtu mmoja haliwezi. Kwa hiyo majirani tunavaa suruali za mpira, tunaingia kwenye maji baridi, tunabeba la huyu, halafu la yule.

Tulipofika kwa Joleen, majirani walikuwa na ndoo mikononi. Ndani ya kila ndoo mlikuwa na samaki wa mapambo. Miaka yote walikuwa wakiwamwaga kwenye bwawa la nyuma ya kanisa. Bwawa hilo lilikuwa limegeuka tope linalonuka, na sisi tukalaumu mbolea ya mashamba ya mahindi. Mwaka huo waliamua kuhamia ziwani, na gati la Joleen ndilo linalofika mbali kwenye kina.

Joleen alikuwa ameshaweka kiti katikati ya gati. Alikaa, akakunja mikono.

Kiongozi wa kazi ya magati ni Lyle. Ni mtu mwema, ila hajazoea kukataliwa. Alimbembeleza kwanza. Halafu akamtania, kwamba eti analinda ziwa kama kuku anayelalia mayai. Joleen hakucheka. Mwishowe Lyle akasema asiyetaka ndoo zao hatapata mikono yao.

"Basi barafu ilichukue gati," alisema Joleen. "Gati nitajenga lingine. Ziwa hili, Lyle, utanijengea wapi?"

Curt aliitazama ndoo yake. Kisha akaifunika, akaiweka karibu na kiti cha mkewe, akaikalia.

Hapo mdomo wangu ukaniponyoka. Niliwaambia kuhusu samaki wanaoishi kwa pombe chini ya barafu. Walicheka mpaka wakaweka ndoo chini. Lyle alisema safari hii Mzee Fiksi amejishinda mwenyewe. Kucheka huko kuliniuma, nikaongeza chumvi.

"Na bwawani kuna mmoja mkubwa kama Bosko," nilisema. "Nimemwona."

Lyle akaweka dau palepale. Bwawani hakuna aliyemwaga samaki mwaka huu, kwa hiyo aliye hai humo amepita barafu. Bernadine apitishe wavu. Akipatikana hata mmoja aliye hai, wao hawatamwaga ndoo ziwani, na gati watalibeba. Lakini asipopatikana mkubwa kama Bosko, samaki wote wa kwenye ndoo nitawafuga mimi. Nikakubali, bila kuuliza samaki hao huishi muda gani.

Bernadine alileta wavu, tukauvuta wote. Ulikuwa mzito kama godoro lililolowa. Ulipofika ukingoni, tope lote lilimetameta rangi ya chungwa. Samaki walirukaruka, mmoja juu ya mwingine. Hapakuwa na unyasi mmoja, wala chura, wala samaki wa aina nyingine.

Lyle aliinama, akainua mmoja aliyelingana na mkono wake kutoka kiwiko hadi vidoleni.

"Huyu amepita barafu mara nyingi," alisema Bernadine. "Na ile habari ya pombe ni kweli. Mzee leo kasema kweli, msije mkamshtua."

Lyle alivua kofia. Alisema bwawa hilo ndimo alimojifunza kuogelea.

Hakuna ndoo iliyomwagwa ziwani. Gati la Joleen walilibeba wote, na Lyle alishika upande wa mbele, ulio mzito. Bernadine aliwaeleza njia sahihi. Samaki usiyemtaka, mrudishe dukani, au mpe mwenye tangi kubwa. Ukikosa, waulize watu wa samaki wa wilaya. Usimmwage ziwani, wala bwawani, wala chooni. Na kabla hujanunua, uliza atakuwa mkubwa kiasi gani.

Bwawa la kanisa bado wanapambana nalo. Lakini kiangazi hiki, ukisimama majini penye gati la Joleen, unaona vidole vyako vya miguu na mimea ikicheza.

Ningependa kuishia hapo. Ila siku ile Lyle aliuliza, "Na Bosko je?"

Bosko akalazwa ukingoni kando ya samaki. Nilimnong'oneza ajikunje. Mbwa huyo, ambaye hajawahi kunipinga, alinyoosha miguu yote minne na kupiga miayo. Samaki alikomea kitovuni.

Sasa chumba changu cha chini kina hori la ng'ombe lililojaa samaki wa kijiji kizima. Kila Jumapili nabadilisha maji. Bernadine anasema nikiwatunza vizuri, wanaweza kunizika. Lyle huja kuhakikisha nalipa dau. Hunikabidhi ndoo, kisha hukaa kwenye kiti changu, na Bosko hulala miguuni pake.