Nauli Aliyoificha Catrinel

Catrinel hakuruhusiwa kushika simu kabla ya kubadilisha maji ya kuku, kufagia ngazi na kumsaidia Bibi Paraschiva kuchuja maziwa ya mbuzi. Akishamaliza, alitoka na kwenda kukaa kwenye benchi lililokuwa mbele ya geti lao.

Katika mji wa Rădăuți kila nyumba ina benchi lake nje ya geti. Watu wazima hukaa hapo jioni wakitazama nani kapita, na kapita na nani. Lakini Catrinel hakutoka kuangalia watu. Alikaa pembeni kabisa, upande wa kulia, kwa sababu hapo tu ndipo mtandao wa jirani ulipofika. Jirani huyo alikuwa Mama Otilia, na ndiye aliyempa neno la siri kwa hiari yake.

Kazi aliyoifanya hapo ilikuwa moja: kutafuta nauli ya ndege. Mama yake Catrinel alikuwa Roma, nchini Italia, akimtunza bibi mmoja mzee ambaye hakuweza kuachwa peke yake. Mwaka wa pili ulikuwa unakatika na hajarudi nyumbani. Kiangazi hiki wenye nyumba walikuwa wamekubali Catrinel na Bibi waje wakae naye wiki mbili. Karatasi ya ruhusa ya mtoto kutoka nje ya nchi ilikuwa imeshagongwa muhuri. Pesa ya nauli mama alikuwa ameituma, na Bibi alikuwa ameificha kwenye kopo la sukari. Tatizo ni kwamba haikutosha. Kila siku Catrinel alibonyeza tarehe hizi na zile, na kila siku jumla iliyotokea ilikuwa kama mara mbili ya kilichomo kwenye kopo.

"Leo je?" Bibi aliuliza kutoka dirishani.

"Leo pia wanatukaba, Bibi."

"Wakae nazo ndege zao. Umeweka na masanduku?"

"Nimeweka. Makubwa mawili."

"Vizuri. Mimi siendi kwa mwanangu mikono mitupu kama mkusanya kodi."

Masanduku hayo yalikuwa ya jibini iliyolowekwa kwenye maji ya chumvi, jamu ya maboga, mitungi ya biringanya za kusaga, na soseji zilizokaushwa kwa moshi. Mtaa mzima ulisafiri hivyo. Catrinel hakuwahi hata kufikiria kwamba mtu anaweza kwenda kwa ndugu yake bila mitungi.

Kwa kukaa na simu muda wote huo, Catrinel alikuwa amekuwa fundi. Alijua kwamba Jumamosi ni ghali na katikati ya wiki kuna nafuu. Alijua kwamba bei inaweza kuwa nzuri asubuhi na ikawa imeharibika kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo Mama Otilia naye alimwomba msaada.

"Mwanangu, wewe una mkono na mambo haya," alimwambia. "Kiwanda cha samani anachofanyia kazi Baba Otilia kinafungwa Agosti, na tunataka kwenda Uhispania, baharini. Ni mara yetu ya kwanza. Tutazamie nauli ya watu watatu, tafadhali."

"Sawa, Mama Otilia," alisema Catrinel, na moyoni mwake kitu kikauma.

Otilia alikuwa darasa moja naye, na hakuwa msichana mbaya. Tatizo lake lilikuwa mdomo.

"Hoteli ina bwawa, na bahari iko palepale," alisema siku moja, akiwa ameketi juu ya uzio huku akining'iniza miguu. "Yaani sijui nitaogelea wapi kwanza!"

"Anza na beseni," Catrinel alimjibu. "Usije ukazama."

Otilia alicheka mpaka akaanguka upande wa pili wa uzio. Alidhani ni utani. Haukuwa utani. Catrinel alikuwa amejaa wivu mpaka kooni. Otilia ana mama kila siku, aliwaza. Mama yuko jikoni, anamgombeza kwa sababu ya soksi, anamchana nywele, anamuuliza kala nini. Kama hayo hayatoshi, sasa anapelekwa na baharini. Mimi sitaki bahari. Mimi nataka mama tu, na hata huyo nauli yake hakuna. Kwa nini kila kitu kimwendee yeye?

Mawazo hayo alikwenda nayo shuleni na kurudi nayo. Otilia alipokuja na kofia mpya ya ufukweni, Catrinel aliiona kama imenunuliwa makusudi ili imchome yeye.

Ndipo, Jumanne moja, akiwa kwenye benchi, aliona nauli ya Uhispania. Ilikuwa imeshuka ajabu. Tarehe ni zilezile ambazo kiwanda kimefungwa, ndege inaondokea Suceava, karibu tu na kwao, na kwa kila mtu bei yake ilikuwa ndogo kuliko jozi ya viatu vya msimu wa baridi. Catrinel aliisoma mara ya pili kuhakikisha.

Wakati huohuo Mama Otilia alitokea, amebeba mkate kwapani.

"Shikamoo, Mama Otilia."

"Marahaba, mwanangu. Vipi, kuna chochote?"

Catrinel alifunika simu kwa kiganja. Hakuwa amepanga kufanya hivyo. Mkono ulitangulia, na mdomo ukaufuata.

"Bado. Bei ziko juu. Ngojeni mpaka wiki ijayo, zitashuka."

"Haya. Wewe ndiye unayejua," alisema Mama Otilia, akavunja kipande cha mkate wa moto na kumpa.

Catrinel aliutafuna ule mkate bila kusikia ladha yake. Wao wanakwenda kuogelea tu, alijiambia. Wakingoja kidogo watapungukiwa na nini?

Wiki iliyofuata bei ilikuwa imepanda mara tatu. Catrinel alipowaambia, Baba Otilia alisema basi, hakuna safari, hiyo pesa bora wapake nyumba rangi. Jioni hiyo Otilia alisimama nyuma ya uzio akilia bila kujificha, kofia ya ufukweni bado kichwani.

Catrinel alikuwa amedhani atafurahi. Kusema kweli alifurahi kidogo, kwa muda wa kumeza mate hivi. Halafu furaha hiyo ikaisha. Usiku hakula, na Bibi akalaumu joto.

Siku ya pili Otilia alikuja mwenyewe kwenye benchi, macho yamevimba.

"Sogea," alisema. "Kama mimi siendi, angalau wewe uende kwa mama yako. Nionyeshe hiyo nauli yenu."

"Haina maana. Nimeshaitafuta mpaka basi."

"Wewe nionyeshe tu, acha maringo."

Catrinel alimpa simu. Otilia hakuwa fundi wa mambo hayo, ndiyo maana alisoma kila neno taratibu, kwa kidole. Akafika mahali akasimama.

"Hivi hii ya nini? Masanduku mawili makubwa. Mbona hii peke yake inazidi nauli yenyewe?"

"Ya mitungi."

"Mitungi gani?"

"Mitungi, Otilia! Jibini, jamu. Utakwendaje kwa mama yako bila kitu?"

"Kwani lile gari la mizigo la Italia linaloondoka kila Alhamisi lina kazi gani? Sikukuu ya Krismasi si mlituma humo?" Otilia aliiondoa alama ya masanduku. Jumla ikaanguka. Wote wawili wakaikodolea macho. Ilikuwa chini ya kile kilichomo kwenye kopo la sukari.

"Bibi!" Otilia alipiga kelele kuelekea dirishani. "Bibi Paraschiva, mnakwenda Roma! Lakini mitungi ipande gari!"

Bibi alitokeza kichwa, mikono ina unga. "Niingie kwa mwanangu mikono mitupu? Watasemaje wale Waitalia?"

"Bibi, mitungi itatangulia. Wewe ukifika, jibini yako iko mezani inakungoja. Wewe utaingia kama malkia, wala hutatoka jasho."

Bibi alijifuta unga mikononi. Ilionekana wazi kwamba hilo la malkia lilikuwa limempata. "Basi soseji nitabeba kwenye mkoba wa mkononi," alisema. "Kidogo tu."

Otilia alimkumbatia Catrinel kwa nguvu. "Unaona? Ulikuwa na akili yote hiyo, na hukuliona hili!"

Catrinel alitaka ardhi impasukie. Mama yake, ambaye yeye Catrinel alimlilia muda wote huo, sasa alikuwa karibu kiasi hiki, na aliyemsogeza ni Otilia. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Otilia, nimewaharibia," alisema. "Ile nauli yenu niliiona. Jumanne ile. Ilikuwa rahisi kabisa, na mimi nikamwambia mama yako angoje."

"Hukujua kama itapanda."

"Nilijua inaweza kupanda. Nilinyamaza kwa sababu nilikuonea wivu. Kwa sababu wewe una mama hapa, na ukapata na bahari."

Otilia alimtazama kama mtu asiyemfahamu. Aliweka simu kwenye benchi, polepole, akaingia kwao na kufunga geti.

Dirishani Bibi alikuwa amesikia yote. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi sitakwenda kukuombea msamaha," alisema. "Kadi ya benki sisi hatuna. Tulikuwa tunategemea ya Mama Otilia, tumrudishie pesa ya kwenye kopo. Sasa utajua mwenyewe utamwangalia kwa macho gani."

Nauli ya Roma ilikuwa bado iko wazi kwenye simu, na viti vyake vilikuwa vichache. Catrinel aliitazama. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote mtaani kwamba inaweza kupotea wakati wowote. Halafu akaifunga, akaanza kutafuta ya Uhispania.

Alijaribu Jumamosi, ikawa ghali. Jumapili, ghali zaidi. Katikati ya wiki kulikuwa na nafuu, lakini si ya kutosha. Akaacha Suceava, akajaribu miji mingine yenye uwanja wa ndege, mmoja baada ya mwingine, huku kuku wakizagaa miguuni kudai chakula chao. Mwishowe akapata: ndege ya Jumatano inayoondokea Iași, mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Wangepoteza siku mbili za likizo, na bei haikuwa nzuri kama ile aliyoificha. Lakini ilikuwa ndani ya uwezo wao.

Alivuka kwenda kwa jirani. Mama Otilia alikuwa mezani akimenya viazi, na Otilia alikuwa kando yake, ameshamwambia kila kitu. Ilionekana kwenye uso wa mama yake.

"Shikamoo, Mama Otilia."

Mama Otilia alimaliza kumenya kiazi kwanza. "Marahaba."

"Nilikudanganya. Nisamehe. Nimepata nyingine, ila ni ya kutoka Iași, na imezidi ile ya kwanza. Naomba muitazame sasa hivi kabla haijapanda."

Mama Otilia alifuta mikono, akachukua simu, akasoma. Akamwita Baba Otilia kutoka uani. Naye alisoma, akauliza gari litalala wapi, akahesabu siku kwa vidole, akasema, "Sawa. Rangi itangoja." Akarudi uani bila kumtazama Catrinel.

Otilia alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Bado nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Sana."

Mama Otilia alitoa kadi yake ya benki kwenye pochi, akalipa nauli ya Uhispania, akangoja mpaka ujumbe wa kuthibitisha ulipoingia. Catrinel aligeuka aondoke.

"Unakwenda wapi? Na yenu iko wapi?"

Catrinel hakuamini masikio yake. Aliifungua ile ya Roma. Ilikuwapo bado. Ilikuwa imepanda kidogo, kiasi kwamba kopo la sukari lingebaki tupu kabisa, lakini ilikuwapo.

"Kaa," alisema Mama Otilia, akamvutia kiti. "Usidhani nakupa kadi kwa sababu sijaumia. Nimeumia. Nilikuamini kama mwanangu. Na kumwonea mtu wivu si ajabu. Hata mimi nawaonea wenye waume wasiokoroma. Lakini wivu ukiuachia ukuendeshe, unakuziba macho. Nauli ya Otilia ulikuwa unaichungulia kila siku, na ya kwako iko mbele yako huioni. Hebu niambie kitu kimoja. Wiki ile yote uliyonyamaza ili Otilia asiende, wewe ulisogea karibu na mama yako hata hatua moja?"

Machozi yakamtoka Catrinel. Alitikisa kichwa.

"Hata moja?"

"Hata moja, Mama Otilia."

"Basi hilo ndilo la kukumbuka. Mwenzako akikosa, wewe hupati." Akaigeuza kadi kwenye mwanga wa dirisha, akakunja macho ili aone vizuri. "Haya, futa machozi uandike namba. Mama yako anakungoja."