Kiwiliwili Kinachosubiri Jina

Alasiri ile nilikuwa Bombolulu kwa dada yangu Mwanakheri, nikila mahamri kama mtu aliyetoka kifungoni. Nimezunguka dunia, nimelala Oslo na Maskati, lakini tumbo langu halijakubali kuhamia kokote.

Bintiye, Nadira, alikuwa na mimba pevu na simu ya bei rahisi mkononi. Alikuwa ametengeneza programu ya kuwaitia wajawazito wa Magogoni gari la hospitali. Shida ni kwamba kwenye simu duni ilichelewa mno kufunguka, na uchungu haungoji.

"Sasa nimepata dawa yake, Mjomba."

Badala ya simu kuijenga programu upya kila inapoguswa, aliweka tayari kiwiliwili kimoja kitupu cha programu, kilichokwisha kuamka, kinachosubiri jina tu. Kimoja, kisijaze simu. Ukigusa, kinavaa jina lako na kupewa funguo zake chenyewe za siri. Mwizi akizijua za mmoja, hajui za wa pili. Ukimaliza, kinafutwa.

Jaribio lilitaka jina. Akaandika Jalila, jina alilomchagulia mwanawe.

Mwanakheri akaacha kusukuma unga. "Nadira! Jina la mtoto halitajwi kabla hajazaliwa. Hicho kitupu chako wakivisha jina la nani?"

"Mama, ni jaribio tu."

"Mwache, dada," nikasema, mdomo umejaa. "Mimi nilipewa jina mapema, akili naingoja mpaka leo."

Tukacheka. Nadira akanyoosha kidole. Programu ikafunguka kabla kidole hakijafika.

Jalila. Tayari.

Akafuta. Kikaja kingine, kilichopaswa kuwa kitupu. Jalila. Akafuta tena. Jalila. Akatazama nafasi kiliyokula ndani ya simu. Ilikuwa ikiongezeka. Taratibu. Kama kitu kinachonyonya.

Akashika tumbo.

"Mjomba," akanong'ona, "ametulia."

"Amelala."

"La. Ametulia."

Simu ikazimika yenyewe. Ilikuwa na joto la mwili wa mtu.

Tukamkimbiza hospitali. Mtoto alizaliwa hai, wallahi, mzima, vidole vyote. Hakulia. Babake, Rashad, akamwadhinia sikioni. Macho yakabaki wazi, hayaangalii kitu. Tukamwita Jalila. Hakugeuka. Hata leo hageuki.

Juzi tulimpeleka kliniki. Muuguzi akaita jina la mtoto mwingine.

"Eddah!"

Mtoto wetu akageuka. Akatabasamu. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Kwenye benchi la nyuma mwanamke mmoja akainuka, pacha mmoja mgongoni. Sidi, wa Magogoni. Pacha wa pili, Eddah, mama huyo alikuwa amemzika mwezi uliopita; hakuna aliyemwambia muuguzi.

"Kilio hicho ni cha mwanangu," akasema polepole. Hakusogea. "Alikuwa na alama nyuma ya sikio. Nyekundu. Kama tone."

Nadira akamkaza mwanawe kifuani. "Wangu hana. Mjomba, mwambie hana. Si wewe humwogesha nami?"

Kweli, hakuwa nayo. Asubuhi ile tu nilimfuta masikio. Nikainua kofia ya mtoto ili nimwonyeshe yule mama.

Nina mzaha wa kila jambo, hata matangani. Sikupata hata mmoja. Niliigusa ile alama nyekundu kwa kidole. Ilikuwa mbichi bado.