Unga wa Shayiri kwenye Pampu

Rafiki yangu Ganzorig na mkewe, Dulmaa, walikuwa wakisafirisha makaa ya mawe katika jangwa la Gobi lori lilipozima kwenye dhoruba ya theluji. Injini isipowaka, baridi ingewaua. Ganzorig akapaka unga wa shayiri kwenye mipira ya kupitishia dizeli na pampu ya mkono ya kuvutia mafuta, ili ulowe panapovuja, akarudi ndani kwa Dulmaa kungoja.

Kwa, kwa, kwa. Pampu ikaanza kusukumwa chini yao.

"Nani huyo, Baba Tuul?" Dulmaa akamuuliza mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Upepo tu."

"Upepo gani unajua kupampu?"

Sauti ya pampu ikakoma. Ganzorig akashuka gizani na tochi. Mipira ilikuwa mikavu, lakini unga wa pampu ulikuwa umefutika.

Aliporudi, Dulmaa alikuwa ameketi vilevile ndani ya blanketi, amekauka kwa baridi kama aliyekufa saa nyingi zilizopita, viganja vyake vyeupe kwa unga.