Dole Gumba la Babu Ukutani

Wewe unayesoma, umepita mbele ya ukuta ule mara ngapi? Uliona mmea umetambaa toka chini hadi dirishani. Ukasema, "Unapendeza," ukaenda zako. Mimi sijasahau yaliyotokea pale.

Nyumba ile ni ya fundi cherehani na binti yake. Matofali yake aliyafyatua babu wa fundi kwa mikono yake. Kila tofali lina alama ya dole gumba lake.

Siku moja mkaguzi wa majengo aligonga ukuta, ukalia kama mtungi mtupu; mizizi ya mmea ilikuwa imeulegeza. "Nitarudi baada ya miezi mitatu," alisema. "Nikiukuta hivi, unabomolewa."

Shemeji wa fundi akaja mbio. "Kazi ndogo hii!" Akaushika mmea, akavuta kwa nguvu. Matofali matatu yakabanduka uso. Alama tatu za babu zikaenda.

"Shemeji! Unamchuna babu ngozi!" fundi akapiga kelele.

"Sasa niubembeleze?"

"Ndiyo, ubembeleze," alijibu jirani, mama mmoja mwashi. "Mizizi imeshika tofali. Ukivuta mmea mbichi, unatoka nalo. Kata shina chini. Acha ukauke, utaachia taratibu."

"Na mashimo? Nina saruji."

"Kajengee choo chako! Matofali ya zamani ni laini, yanahema. Saruji inafungia maji ndani, yanapasuka. Babu alijenga kwa chokaa na mchanga. Tutarudisha chokaa na mchanga."

Wakakata shina. Wakasubiri wiki sita, majani yakakauka kabisa. Binti akapanda ngazi, akaondoa matawi kidogo kidogo, akasugua kwa brashi laini. Mwashi akajaza chokaa kati ya matofali. Shemeji alibeba mchanga, akiuliza kwanza pa kuumwaga. Kwake hilo lilikuwa jambo jipya.

Mkaguzi akarudi. Akagonga juu, akagonga chini. Ukuta ukajibu kwa sauti nzito. Binti akaweka dole gumba lake kwenye alama ya babu. Likaingia sawasawa.

"Nani fundi hapa?" mkaguzi akauliza, huku akichana karatasi yake ya kubomoa.

"Sisi," alijibu fundi cherehani, kifua mbele. "Na kila mwezi tunakagua chini. Chipukizi likitokeza, tunaling'oa lingali dogo."

Haya, wewe! Ukuta wa wazee wako nao umevamiwa, na unajua. Weka karatasi hii chini. Chukua msumeno, kata shina leo. Kata, usivute!