Doa Ambalo Dobi Hakulifua

Mtaa mzima ulimwita Dobi, na jina hilo lilimkaa vizuri. Yeye alifua, mkewe akapiga pasi, na kamba zao hazikukauka. Dobi hakuuvumilia uchafu hata kidogo. Ukiacha kikombe mezani dakika mbili tu, amekwisha kukiosha, na chai yako bado imo.

"Siku moja utanifua na mimi, unianike," mkewe alimtania.

Walikuwa na gari dogo la mizigo, lile ambalo injini yake imekaa chini ya viti vya mbele. Kwa gari hilo walipeleka mashuka safi kwenye kituo cha afya, na hicho ndicho kilichokuwa mteja wao mkubwa. Jumatatu moja Dobi alilipeleka gereji kubadilishiwa oili na filta. Lilikwenda zima, likarudi na ugonjwa mpya. Kila lilipopanda kilima cha kituo cha afya, lilinuka kitu kinachoungua, na moshi mwembamba ulipenya kando ya kiti.

"Huyu fundi alitengeneza au aliharibu?" mkewe aliuliza, pua ameiziba kwa kanga.

"Kesho namrudia," alisema Dobi.

Alimrudia kweli. Lakini kabla ya kwenda, alitandika gunia, akalala chini ya gari, akaisugua injini kwa brashi na sabuni mpaka ikang'aa. Alipopima oili akaikuta imepungua, akaongeza mpaka alama ya juu. Dobi mzima apeleke gari chafu kwa watu? Aibu iliyoje!

Fundi alichungulia juu, akachungulia chini. "Mzee, gari lako zima. Oili imejaa, na hata tone moja sioni. Harufu hiyo ni ya oili iliyomwagika siku ile. Itaungua, iishe."

Haikuisha. Siku tatu baadaye Dobi aliliosha tena, akajaza oili tena, akarudi tena. Safari hii fundi alicheka. "Mzee, labda pua yako ndiyo inayotaka fundi." Dobi alirudi nyumbani uso umemshuka.

Jumanne akapeleka mashuka. Muuguzi mkuu wa kituo, mama wa maneno machache, alichukua shuka moja, akalinusa, kisha akamsogezea.

"Nusa mwenyewe."

"Mama, haya nimeyafua mara mbili."

"Naamini. Lakini mgonjwa wangu hawezi kulalia harufu ya gereji. Ijumaa ukiniletea tena hivi, nitatafuta dobi mwingine."

Dobi alirudi garini akiwaza. Bila kituo cha afya wangefua nini? Soksi za majirani?

Mchana huo mkewe alimkuta tena chini ya gari, povu limemfika kwenye viwiko. Jirani yao naye alikuwa anapita. Alikuwa mwalimu wa udereva, na wanafunzi walimwita Mama Breki, kwa sababu neno hilo alilipigia kelele kutwa nzima.

"Dobi, leo unafua na magari?"

"Nalisafisha, dada. Kesho nalipeleka kwa fundi mwingine. Yule wa kwanza haoni kitu."

"Na kwa yule wa kwanza ulikwenda ukiwa umeliosha hivihivi?"

"Mara zote mbili. Na oili nikajaza."

Mama Breki alikaa kitako juu ya ndoo, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mkewe Dobi alianza kuelewa, akacheka naye. Dobi peke yake ndiye hakuona cha kuchekesha.

"Sasa fundi aone nini, baba?" Mama Breki aliuliza. "Gari linavuja, wewe unapangusa. Oili inapungua, wewe unajaza na husemi. Ukienda kwa daktari una kidonda, unakipaka poda kwanza?"

Dobi aliweka brashi chini. Masikio yalimwaka moto.

"Kwa hiyo nisiongeze oili?"

"Ongeza! Injini ikikaukiwa oili inakufa. Kosa ni kuficha. Ukiongeza, andika umeongeza kiasi gani na siku gani. Na ile taa nyekundu yenye picha ya birika ikiwaka unapoendesha, simama hapohapo pembeni, zima gari, umwite fundi akufuate."

"Na huyo fundi mwingine?" mkewe aliuliza.

"Wa nini? Mwingine akishagusa, wa kwanza atasema kaharibu huyo. Mrudie aliyefanya kazi, mapema, na risiti yake mkononi. Lakini safari hii nendeni na ushahidi."

Mkewe alileta boksi tupu la sabuni, akalikunjua. Dobi alizungusha gari mpaka kilimani ili injini ipate moto, akaliegesha mahali tambarare, akasukuma boksi chini yake. Baada ya saa moja walilivuta. Katikati palikuwa na doa jeusi, pana kama sahani.

"Haya! Pua yangu nzima!" Dobi alipiga kelele, akamkumbatia mkewe na povu lake lote.

Jioni alichukua daftari lake la nguo za wateja, lile analoandikia doa lipi liko wapi. Akafungua ukurasa mpya, akaandika: harufu ilianza siku ileile ya kubadilisha oili. Hutokea injini ikiwa moto, gari limejaa, likipanda kilima. Nimeongeza oili nusu lita, mara mbili.

Asubuhi alipima oili kwanza. Alizima gari mahali tambarare, akangoja kidogo, akachomoa kijiti, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilitosha kufika gereji. Gari lilikuwa na vumbi, na chini ya injini palikuwa pamelowa oili. Mkono wa Dobi ulikwenda wenyewe kwenye kitambaa.

"Weka chini hicho!" mkewe alifoka. Alikuwa amekwisha kuketi kando ya vikapu vya mashuka.

Fundi alipowaona alianza kutabasamu. "Mzee, wewe tena?"

Dobi alipiga moyo konde. Hakugombana. Alitandaza boksi sakafuni, akaweka risiti kando yake, akafungua daftari. "Soma, fundi. Kisha twende wote kilimani, na mzigo uleule."

Walikwenda. Nusu ya kilima, harufu ilipanda, na moshi ukapenya kando ya kiti upande wa fundi. Fundi hakucheka tena. Walirudi, akaingoja injini ipoe, akaingia chini ya gari, akafungua filta. Alipotoka alishika pete mbili nyembamba za mpira.

"Filta inatakiwa kuwa na pete moja, kuzuia oili isitoke," alisema. "Ile ya zamani iliganda kwenye injini. Mimi nikafunga mpya juu yake. Zikiwa mbili hazikai sawa, oili ikipata moto inapenya na kudondokea kwenye bomba la moshi. Kosa ni langu, mzee. Na maneno yale ya pua, nisamehe."

"Nimekusamehe. Na mimi nilikufichia kwa kuosha." Dobi alizipokea zile pete, akazitazama vizuri. "Ukimaliza, tunapanda kilima tena pamoja kabla sijaondoka."

Fundi alifunga filta mpya bila malipo, akajaza oili, akaosha injini mwenyewe. Walipanda kilima. Hakuna harufu, hakuna moshi. Mkewe Dobi alipiga vigelegele kule nyuma kati ya vikapu, hadi wapita njia wakageuka.

Ijumaa muuguzi mkuu alichukua shuka la juu, akalinusa. Akachukua la katikati. Kisha akazamisha uso mzima, akavuta pumzi.

"Sabuni," alisema. "Sabuni tupu. Mashuka ya wodi ya wazazi nayo ni yako, kuanzia wiki ijayo."

Dobi alishuka kile kilima akiimba, mkewe akiitikia.

Nyumbani, mkewe alilikuta boksi la sabuni limegongomelewa ukutani, doa lake jeusi likitazama kamba za mashuka meupe. Akataka kulibandua.

"Usiliguse," alisema Dobi. "Hilo ndilo doa pekee nililoliacha, na ndilo lililotuokoa."