Nifute Ukutani, Rozi

"Usimchore amenuna, Rozi. Machibya wangu alikuwa mtu wa kucheka."

Serafina alisema hivyo huku ameishikilia ngazi. Juu yake, Rozi wa Ijuganyondo, binti ambaye michoro yake ilikuwa imejaa kuta za mji wa Bukoba, alichovya brashi akainua kidogo pembe za mdomo wa marehemu.

Mtumbwi ulikuwa umezama na wanaume wawili. Machibya, mume wa Serafina, aliopolewa akazikwa. Limbu, mvuvi mwenzake na mchumba wa Rozi, hakuonekana kabisa. Ndipo wavuvi wakaomba sura zao zichorwe kwenye ukuta wa banda la samaki, pale mwaloni Muleba, mitumbwi inapotia nanga.

"Na Limbu utamchora lini?"

"Simchori. Hajapatikana."

"Rozi, ziwa likikataa kumrudisha mtu, sisi tumpe hata ukuta."

Rozi alimchora akilia, rangi na machozi vikimchuruzika hadi kwenye viwiko. Alipomaliza, watu walipiga picha wakazirusha kwenye magrupu ya WhatsApp.

Keshoye asubuhi, Rozi akiosha brashi, simu yake iliita. Namba ngeni.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Mtu alikuwa anahema tu.

"Rozi… nifute ukutani."

Brashi zilimponyoka.

"Mawe, mama wee! Limbu? Uko wapi?"

"Huku visiwa vya Ukerewe. Wavuvi waliniokota. Natumia jina lingine, lakini picha yako imefika, watu wameanza kunikodolea macho."

"Uko mzima, na mimi nimevaa nyeusi! Ni mwanamke, siyo?"

"Laiti ingekuwa mwanamke."

"Basi sema!"

"Machibya aliniambia turudi, upepo ni mbaya. Nikamwita mwoga. Jaketi okozi lilikuwa moja, lake. Alilivua ili akumbe maji vizuri, nikalivaa mimi. Tulipopinduka akaniomba tulishike wote. Nilimsikia, Rozi. Nikamwacha."

Rozi alikaa chini kwenye tope.

"Kama unanipenda, niache nibaki maiti."

"Nilimwomba Mungu anipe hata mfupa wako nizike. Amenipa wewe mzima, na sijui nikupeleke wapi!"

Simu ikakatwa. Akapiga tena na tena, haipatikani. Akaandika ujumbe:

"Serafina ana mimba. Kila jioni anakuombea na wewe. Rudi umwambie. Usiporudi nitamwambia mimi, na mimi na wewe basi."

Jibu halikuja. Siku zikapita, Rozi hali, halali, kila akimwona Serafina anageuza uso.

Kisha asubuhi moja boti ya dagaa ikatia nanga, akashuka mtu aliyekonda, kofia imemfunika macho. Wanawake wakapiga mayowe wakidhani ni mzimu. Serafina peke yake alimkimbilia, tumbo mbele, akamkumbatia.

"Shemeji! Mungu mkubwa! Niambie, mwenzako alikufaje?"

Limbu akapiga magoti mchangani, akasema yote, hakubakiza. Serafina hakumpiga. Alimuuliza neno moja tu:

"Aliniita?"

"Alikuita mpaka sauti ikaisha."

Serafina aliangua kilio, wenzake wakamdaka kabla hajaanguka. Wanaume wakaanza kuokota makasia. Rozi akaruka akasimama katikati, mikono ameitanua.

"Asiguswe! Anakwenda polisi kwa miguu yake. Pisheni!"

"Na wewe Rozi unamtetea?" mmoja alifoka.

"Simtetei. Nampeleka."

Wakapishwa. Walipanda barabara ya vumbi mpaka makelele ya mwaloni yakafifia nyuma yao.

"Umenisamehe?" Limbu aliuliza.

"Hapana."

"Mbona umenishika mkono?"

"Kwa sababu unatetemeka. Twende."