Kahawa ya Shangazi

Siku ya soko Mpondwe, pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, hakuna anayepita bila kukanyagwa. Hajara alikanyagwa na mwanamume aliyejitwika robota la vitenge. Akaruka kwa mguu mmoja katikati ya wauza samaki, hijabu yake ya manjano ikimdondoka begani.

"Ai! Mguu yangu, ssebo!"

"Pole, mama. Sikuone."

"Mama ya nani? Watoto yangu uliwaona wapi?"

Mwanamume akatua robota, akamtazama vizuri, kisha akacheka kwa aibu. Alikuwa mrefu, shati lake jeupe limenyooshwa kwa pasi, na viatu vyake viling'aa kana kwamba vumbi la Bwera halikumhusu.

"Basi pole, mamuzeli. Mimi ni Célestin, mutu wa Butembo. Mwenye anakukanyaga anapashwa kukupatia soda."

"Soda peke yake? Na kidole imevunjika?"

"Soda na kitenge."

Hajara aliichukua soda, akakichagua kitenge yeye mwenyewe, tena kile cha bei ya juu. Alipopanda gari kurudi Kasese, namba ya Célestin ilikuwa tayari kwenye simu yake, na kidole hakikuuma tena.

Huko Kasese, Hajara alikuwa na duka la magauni karibu na stendi ya magari. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka miwili katika uwanja wa ndege wa Dubai, akiuza manukato kwa abiria waliokuwa wakikimbilia ndege zao. Alirudi na mtaji, Kiarabu kidogo, na tabia ya kunukia vizuri hata siku za kufua. Kila jioni Célestin alimpigia.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nitakula namna gani, na moyo iko Kasese?"

"Basi kula moyo yako, uone kama utashiba."

Swalik, kaka yake Hajara aliyekuwa dereva wa teksi, alinung'unika kwamba kijana ni Mkatoliki na tena hana kwao hapa. Lakini hata yeye alipozoea vicheko vya dada yake nyuma ya pazia la duka, alinyamaza.

Mwaka 2015, mvua za kwanza zilipoanza, Célestin alikuja dukani na wazo.

"Twende Dubai wote wawili. Wewe unanunua magauni, mimi nanunua simu. Tukirudi, naona Swalik kwa ajili ya ndoa. Lakini ndeke naiona tu kule juu. Sijue mutu anaingiaka namna gani."

Hajara alicheka hadi akashika meza. Kisha akapanga viti vya duka kwa mstari, akaweka ungo juu ya kiti cha mwisho.

"Hii ni Entebbe. Getini mnashuka gari, mnapita kwa miguu, mnakaguliwa. Ukiingia ndani kuna mashine. Toa mkanda. Toa, nimesema! Saa, simu, viatu, yote kwenye trei." Célestin alivua viatu, akaviweka kwenye ungo, suruali ikimponyoka kiunoni, na wote wawili wakacheka. "Sasa Dubai. Kule watu wamejaa kama Mpondwe siku ya soko, lakini hakuna anayekuita ununue. Treni inapita ndani ya jengo. Wengine wamelala chini, wengine wanalia peke yao, hakuna anayewauliza. Wewe usifuate watu. Fuata namba ya geti yako, na uiangalie tena, maana wanaibadilisha."

"Na polisi banauliza nini?"

"Wanauliza kama begi umefunga mwenyewe. Jibu ukweli. Mtu akikupa mzigo umbebee, unaufungua kwanza, hata akiwa mama yako."

"Hata kama ni mutu mwenye unapenda?"

"Huyo ndiyo wa kwanza!"

Hajara alicheka. Célestin aliinama kuvaa viatu vyake, na ikamchukua muda mrefu kufunga kamba.

Asubuhi ya safari, Swalik aliwafikisha Entebbe, akawashusha na kuwatakia heri. Hajara alivaa abaya nyeusi yenye nakshi za fedha mikononi na viatu vya chini. Célestin alikuwa na suti ya kijivu, na jasho. Kabla hawajaingia jengoni, alifungua begi lake akatoa makopo mawili ya bati.

"Sheri, begi yangu imekuwa nzito, banaweza kunikatalia. Nisaidie kubeba hii. Ni kahawa ya kwetu Kyondo, ya shangazi yangu kule Dubai."

Hajara aliyapokea. Kidole gumba chake kikaenda kwenye mfuniko wa moja. Célestin akatabasamu.

"Unataka kufungua? Fungua, mupenzi. Haina neno."

Hajara aliona haya, akayasukuma makopo chini ya mtandio wake, ndani ya begi la mkononi. Alipoulizwa kaunta kama mizigo yote ameifunga mwenyewe, alisema ndiyo bila kupepesa macho.

Uhamiaji walipita salama, vidole vikapigwa picha, pasipoti zikagongwa. Ofisa aliitazama ya Hajara, iliyojaa mihuri, akampungia mkono apite. Ikabaki mashine ya mwisho. Célestin alitangulia. Trei yake ikatoka, akavaa mkanda, akashika viatu. Begi la Hajara likaingia, likasimama, likarudishwa nyuma, likaingia tena.

"Begi hii ya nani?" aliuliza askari wa kike, kitambaa cha jina kifuani kikisomeka Adong.

"Yangu."

"Na makopo?"

Hajara aligeuka kumtafuta Célestin. Alikuwa hatua chache tu mbele yake, viatu mkononi. Macho yao yakakutana. Kisha Célestin akageuza uso, akaondoka kuelekea mageti, akitembea na soksi kwenye sakafu ile inayong'aa, haraka, bila kukimbia.

Katika chumba kidogo cha polisi, Adong alimwaga kopo moja kwenye trei. Harufu ya kahawa ilijaa chumba kizima. Chini ya unga kulikuwa na kitu kilichozungushiwa utepe, kizito kuliko ukubwa wake. Alikata utepe kwa kisu.

"Dhahabu. Karatasi zake ziko wapi?"

Hajara alitazama kile kitu cha manjano. Aliomba apige simu. Célestin hakupokea. Akapiga tena, ikaita mara moja, ikazimwa.

"Dada," Adong alisema, safari hii kwa sauti ya chini, "mimi naona watu wengi hapa. Wewe si wa kwanza. Huyo mwanamume ana jina?"

Hajara alifunika uso kwa mikono. Nje, kipaza sauti kiliwaita abiria wa Dubai wapande ndege. Alingoja. Kila mlango ulipolia aliinua kichwa, akaona ni mtu mwingine. Mwishowe akalitaja jina, la ubatizo na la ukoo, herufi kwa herufi, kama anayeling'oa mwilini. Adong alisimama ili atume watu wakamkamate.

Mlango ukafunguka. Célestin alikuwa amesimama pale, viatu bado mkononi.

"Afande, muache huyu mwanamuke. Hajue kitu. Hii mambo ni yangu."

Hajara hakumtazama. Aliangalia soksi zake, zilizochafuka vidoleni.

Aliachiwa jioni, baada ya maelezo mengi. Célestin alibaki. Swalik alirudi kumchukua. Walipovuka daraja la Katunguru, Hajara ndipo alipolia, kwa sauti, na kaka yake akasimamisha gari kando hadi alipomaliza. Wanawake wa Kasese walimcheka kwa miezi, wakimwita Bibi Dhahabu.

Mwaka uliofuata Célestin alitoka gerezani. Alifika dukani mchana, amekonda, shati lilelile jeupe likimpwaya. Hajara alikuwa akining'iniza magauni na hakuacha.

"Nimekuja kuomba musamaha," Célestin alisema. "Na ndoa, kama bado inawezekana. Mimi minakupenda, Hajara. Ile iko ya kweli."

"Siku ile sokoni, ulinikuta au ulinitafuta?"

"Nilikukuta. Naapa. Mambo ya dhahabu ilikuja nyuma, wakati bakubwa ba Butembo walisikia wewe unajua uwanja. Walisema, mwanamuke mwenye pasipoti ya mihuri, hakuna anamupekua."

"Kwa hiyo ulinipenda, halafu ukapenda pasipoti yangu."

"Lakini nilirudi! Ndeke ilikuwa pale, nilikuwa mutu wa mwisho. Nilirudi kwa ajili yako."

Hajara alitundika gauni, akalinyoosha mabega.

"Ulirudi, bambi, maskini. Usiku nakumbuka kwamba ulirudi, na nakutamani, sikufichi. Lakini kwanza uliondoka. Uliniangalia, ukaniona na askari, ukaondoka. Nikiolewa na wewe, kila ukitoka mlangoni nitaona ule mgongo."

"Nitakaa. Sitatoka."

"Nani anaweza kuishi hivyo? Nenda, Célestin. Safari hii kuondoka kwako si vibaya. Nimekuruhusu mwenyewe."

Célestin alisimama pale hadi mteja alipoingia na kuuliza bei ya gauni. Ndipo akapiga hatua mlangoni, akasita.

"Nisikupigie tena?"

"Piga mara moja, ukivuka mpaka. Nijue umefika salama."

Simu iliita jua likishuka. Hajara aliipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Nimefika," Célestin alisema. Nyuma yake kulisikika pikipiki na watu wakiitana kwa Kinande cha kwao.

"Haya. Alhamdulillahi."

Hajara alisikiliza pumzi yake kwa muda, akafumba macho, akamwacha apumue sikioni mwake. Kisha akakata simu, akaifuta ile namba, akatoka kwenda kufunga milango ya duka.